Jinsi ya kupima kiwango cha majeraha makubwa kwa wakazi wa mkoa mzima: mfano wa Morogoro

Ukiuliza katika hospitali ya rufaa ya mkoa ni watu wangapi wanaoumia vibaya mkoani kwa mwaka, utafunguliwa daftari la wodi ya upasuaji na kuhesabiwa waliolazwa. Hesabu hiyo ina kazi yake, kwa kuwa inaonyesha vitanda, damu na dawa zinazohitajika, lakini haijibu swali ulilouliza. Kijana aliyekufa papo hapo kando ya barabara hakulazwa. Mama aliyeangukiwa na ukuta wakati wa masika na kufia kijijini kabla ya kupata usafiri hakulazwa. Aliyepewa rufaa kutoka hospitali ya wilaya moja kwa moja hadi Dar es Salaam hakupita katika wodi hiyo, ilhali dereva wa lori aliyekuwa akielekea Tunduma alilazwa humo ingawa si mkazi wa mkoa. Kiwango cha majeraha makubwa kwa wakazi hupatikana pale tu watu hawa wote wanapotafutwa na kila mmoja kuwekwa mahali pake katika hesabu, na mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya kazi hiyo.

Nimechukua Mkoa wa Morogoro kuwa mfano kwa sababu karibu kila ugumu wa kazi hii unapatikana humo. Kuna manispaa yenye hospitali ya rufaa. Kuna Milima ya Uluguru, ambako majeruhi hubebwa kwa machela hadi mahali gari linapofika. Kuna mashamba ya miwa na mpunga katika bonde la Kilombero. Kuna migogoro ya wakulima na wafugaji Kilosa. Na kuna barabara kuu zinazobeba abiria na mizigo ya nchi nzima na ya nchi jirani. Tarakimu za idadi ya watu nitakazotaja ni za sensa. Tarakimu za majeruhi nitakazotumia katika kukokotoa ni za kufundishia tu, na zisichukuliwe kuwa hali halisi ya mkoa huo.

Anza kwa kuandika swali

Kabla ya kugusa daftari lolote, andika swali lako katika sentensi moja inayotaja mambo manne: watu gani, eneo gani, kipindi gani na jeraha la namna gani. Sentensi hiyo ibandikwe mezani kwa kila atakayeshiriki, kwa sababu ubishi utakaotokea miezi mitatu baadaye kuhusu nani ahesabiwe na nani aachwe utamalizwa nayo.

Kwa Morogoro, suala la watu na eneo ndilo linalosumbua zaidi. Barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika mjini Morogoro, mkono mmoja ukielekea Dodoma na mwingine Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia, na huo wa pili hukatiza takriban kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Basi likipinduka katika kipande hicho, huenda abiria wengi walioumia wakawa wakazi wa mikoa mingine kabisa. Ukiwajumlisha abiria hao kwa majeruhi, kisha ukagawanya kwa idadi ya wakazi wa Morogoro peke yao, utakuwa umewabebesha wakazi hao hatari ambayo si yao. Kinyume chake, mfanyabiashara wa Kihonda aliyegongwa na gari akiwa safarini Dodoma ni mkazi wa Morogoro, na hatari iliyompata ni sehemu ya hatari inayowakabili wakazi wa mkoa wake.

Kwa hiyo toa matokeo mawili na usiyachanganye. La kwanza ni kiwango cha wakazi: wakazi wa mkoa walioumia vibaya, popote walipoumia, kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. La pili ni idadi ya matukio yaliyotokea ndani ya mipaka ya mkoa, yawe ya wakazi au ya wapita njia, ambayo kwa maoni yangu iandikwe kama idadi tupu bila kugawanywa kwa watu wowote, kwa kuwa hakuna anayejua ni watu wangapi hupita Mikumi kwa siku. Mpangaji wa huduma za dharura anahitaji hiyo ya pili. Anayetaka kujua hali ya afya ya wananchi anahitaji ya kwanza.

Kuhusu kipindi, hesabu kwa tarehe ya kuumia na si tarehe ya kulazwa, na ukiweza kusanya miaka mitatu mfululizo badala ya mmoja. Kuhusu namna ya jeraha, amua mapema kama walioungua moto wamo. Rejista nyingi za majeruhi huacha nje waliokunywa sumu, waliozama majini, waliojinyonga na walioumwa na nyoka, kwa kuwa vipimo vya ukali nitakavyovieleza havikutungwa kwa ajili yao. Kuungua ni suala la uamuzi wako, lakini ni uamuzi mzito. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, watu wakalikimbilia kuchota mafuta, na likalipuka. Waliokufa walipita 100, wengi wao wakifariki siku na wiki zilizofuata. Mwaka huo Morogoro yenye majeraha ya moto na Morogoro isiyo nayo ni mikoa miwili tofauti.

Jeraha kubwa ni lipi

Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani ni alama ya ukali wa majeraha ambayo Susan Baker na wenzake waliichapisha nchini Marekani mwaka 1974, na ambayo wataalamu huiita ISS. Mwili hugawanywa sehemu sita: kichwa na shingo, uso, kifua, tumbo, mikono na miguu pamoja na mifupa ya nyonga, na ngozi. Kila jeraha hupewa daraja kuanzia 1, ambalo ni dogo, hadi 6, ambalo kwa kawaida haliponeki. Huchukuliwa jeraha baya kuliko yote katika kila sehemu, sehemu tatu zenye madaraja ya juu huchaguliwa, kila daraja huzidishwa kwa lenyewe, na matokeo matatu hujumlishwa. Mwendesha bodaboda mwenye jeraha la ubongo la daraja la 4, paja lililovunjika la daraja la 3 na michubuko ya uso ya daraja la 1 atapata 16, 9 na 1, yaani 26. Alama ya juu kabisa ni 75, na jeraha lolote la daraja la 6 hupewa 75 moja kwa moja. Kwa desturi, anayezidi alama 15 huhesabiwa kuwa na majeraha makubwa. Kwa kuwa hakuna madaraja matatu yanayoweza kutoa 15 kwa hesabu hiyo, kikomo chenyewe kwa vitendo ni 16.

Kipimo hiki kinafaa pale mgonjwa anapopata CT scan (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili), upasuaji au uchunguzi wa maiti, kwa kuwa bila hivyo huwezi kujua kilichoumia ndani. Katika hospitali ya wilaya isiyo na mashine hiyo, majeruhi aliyevuja damu kichwani ataandikiwa jeraha la kichwa bila maelezo zaidi, na anayekokotoa alama miezi sita baadaye atampa daraja la chini. Hapo mkoa wenye vipimo vichache utaonekana kuwa na majeruhi mahututi wachache, na pesa zitapelekwa kwingine. Huo ni udhalimu unaotokana na kipimo, na mpangaji asiyeujua ataurudia kila mwaka.

Ndiyo maana nashauri kipimo kikuu cha mkoa kama huu kiwe Alama ya Majeruhi ya Kampala, iliyobuniwa Uganda na Olive Kobusingye na wenzake kwa ajili ya hospitali za mazingira yetu. Inahitaji saa, mashine ya presha na macho ya muuguzi. Umri wa miaka 5 hadi 55 hupewa 2, na umri mwingine wowote 1. Presha ya juu, yaani ile namba kubwa kati ya mbili zinazosomwa kwenye mashine, ikizidi 89 hupewa 4, ya 50 hadi 89 hupewa 3, ya 1 hadi 49 hupewa 2, na isiyopimika 1. Anayepumua mara 10 hadi 29 kwa dakika hupewa 3, mara 30 na zaidi 2, mara 9 na chini yake 1. Aliye macho na anayejitambua hupewa 4, anayeitikia sauti 3, anayeitikia maumivu tu 2, asiyeitikia chochote 1. Asiye na jeraha kubwa hupewa 3, mwenye moja 2, mwenye mawili au zaidi 1. Jumla huwa kati ya 5 na 16, na hapa alama ndogo ndiyo mbaya: 10 na chini yake ni hali mbaya, 11 hadi 13 ni ya kati, 14 na kuendelea ni nafuu.

Tumchukue yule mwendesha bodaboda. Ana miaka 24, presha ya juu 84, anapumua mara 32 kwa dakika, anavuta mkono akifinywa lakini haitikii akiitwa, na ana majeraha makubwa mawili. Tunapata 2, 3, 2, 2 na 1, jumla 10, na anaingia katika hesabu yetu bila CT scan. Sharti ni kwamba vipimo hivyo viandikwe anapofika, kabla hajaongezewa maji au damu, kwa sababu presha iliyopimwa baada ya chupa mbili za maji si ile aliyokuja nayo.

Kuna kundi moja ambalo vipimo vyote viwili hulipunja. Mkata miwa aliyevunjika paja peke yake atapata alama 9 kwa kipimo cha Baker na huenda 15 kwa kile cha Kampala, kwa hiyo kwa vipimo vyote si majeruhi mahututi. Lakini pale ambapo hakuna vyuma vya kuungia mfupa, mtu huyo atalala wiki kadhaa mguu ukivutwa kwa mawe ya uzito, familia ikiuza mbuzi au shamba ili kumlisha na kumlipia, na huenda akatoka na mguu mfupi. Mhesabu pembeni, katika safu ya majeruhi waliolazwa zaidi ya siku fulani utakazozitaja au walioshindwa kufanya kazi kwa siku 30 na zaidi. Usimwingize katika kiwango kikuu, maana utashindwa kulinganisha na wengine, ila usimwache akapotea.

Aliyekufa kutokana na majeraha ndani ya siku 30 huhesabiwa kuwa na majeraha makubwa hata kama hakuna aliyempima. Siku 30 ndicho kipimo cha kimataifa kwa vifo vya barabarani, na hakuna sababu ya kuwa na kingine kwa aliyeanguka kutoka mwembeni au aliyekatwa panga.

Kuwatafuta majeruhi

Orodha ya kwanza ni ya vituo vya tiba: hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali za wilaya, hospitali za mashirika ya dini kama ile ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, na vituo vya afya vyenye huduma ya upasuaji. Taarifa za MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, zinazojumlishwa kila mwezi hazitoshi, kwa sababu hukupa idadi bila mtu mmojammoja, na bila mtu mmojammoja huwezi kujua nani amehesabiwa mara mbili. Nenda kwenye madaftari yenyewe: la wagonjwa wa nje, la kulaza, la chumba cha upasuaji na la rufaa. Daftari la rufaa hupuuzwa mara nyingi, nalo ndilo linalokuambia nani alipelekwa Muhimbili au kwenye Taasisi ya Mifupa iliyo hapo, au Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Kisha omba hospitali hizo za nje ya mkoa zikupe majeruhi wao wenye makazi Morogoro, maana wapo waliokwenda huko moja kwa moja bila barua ya rufaa. Baadhi ya waliojeruhiwa Msamvu walifia Muhimbili, na mtu aliyehesabu vifo katika hospitali za Morogoro pekee hakuwapata hao.

Orodha ya pili ni ya polisi. Kikosi cha Usalama Barabarani kina kumbukumbu za ajali zilizoripotiwa, na kila kituo cha polisi hutoa fomu namba 3, ile ambayo kila mtu huiita PF3, kwa walioumia katika ajali za barabarani na katika mashambulizi. Thamani kubwa ya kumbukumbu za polisi ni waliokufa papo hapo. Udhaifu wake ni bodaboda iliyoteleza yenyewe usiku kwenye barabara ya vumbi, bila gari la pili na bila mtu wa kushtakiwa. Tukio kama hilo huishia mikononi mwa wasamaria wema na haliandikwi.

Orodha ya tatu ni ya chumba cha maiti, na ningependa uipe uzito kuliko inavyopewa kwa kawaida. Mhudumu wa mochwari huandika mwili ulipotoka, nani aliuleta na lini. Mara nyingi maelezo ya sababu ya kifo ni mafupi mno, “ajali” basi, lakini tarehe, umri, jinsi na mahali vinatosha kuunganisha na taarifa za polisi. Kaa na mhudumu huyo kwa utulivu na adabu. Yeye anajua miili iliyochukuliwa na ndugu usiku uleule bila kuandikwa.

Orodha ya nne ipo vijijini. Wapo waliozikwa siku hiyohiyo bila kupita hospitali wala polisi, hasa wazee walioanguka na watoto. Mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kukusaidia kuorodhesha vifo vyote vya mwaka, kisha mdadisi aliyefunzwa aketi na wafiwa na kuuliza jinsi marehemu alivyokufa kwa kutumia dodoso maalumu. Njia hii haijaanza leo. Kuanzia mwaka 1992, mradi wa Wizara ya Afya ulifuatilia vifo nyumba kwa nyumba katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, na Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikifuatilia kaya za Kilombero na Ulanga tangu mwaka 1996. Pale kaya zinapofuatiliwa hivyo, unapata kipimo cha kulinganishia orodha zako nyingine.

Kabla ya kuyafanya haya yote upate kibali. Taarifa hizi zina majina ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika. Kama kazi yako ni utafiti, utahitaji kibali cha maadili kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na ruhusa za mkoa na halmashauri. Majina yatumike kuunganisha orodha tu, kisha yafutwe na nafasi zake zichukuliwe na namba.

Mtu mmoja katika madaftari manne

Majeruhi mmoja anaweza kuwa katika daftari la kituo cha afya cha Gairo, la hospitali ya mkoa, la polisi na la Muhimbili. Usipomuunganisha, umemhesabu kama watu wanne. Jina peke yake halitoshi, kwa kuwa Athumani wa Gairo anaweza kuwa Othman mjini, Ramadhani akawa Ramadhan, na wengi huandikwa kwa jina la ukoo hapa na la baba pale. Weka kanuni: rekodi mbili ni za mtu mmoja kama jinsi na tarehe ya kuumia zinalingana, umri haupishani kwa zaidi ya miaka mitano, na jina moja kati ya matatu linafanana kwa matamshi. Tarehe iruhusiwe kupishana kwa siku moja, kwa sababu aliyeumia saa sita kasoro usiku huandikwa hospitalini tarehe ya kesho yake. Rekodi zenye mashaka zisomwe na watu wawili kila mmoja kivyake, na wakitofautiana aamue wa tatu. Ni kazi ya kuchosha isiyo na njia ya mkato, na hapa ndipo usahihi wa kiwango chako utakapopatikana au kupotea.

Kuwakadiria wasioonekana

Hata baada ya orodha nne kuunganishwa, wapo ambao hawamo popote. Njia ya kuwakadiria ni kutazama jinsi orodha mbili zinavyopishana. Tuseme kwa majeruhi mahututi wa barabarani, pamoja na waliokufa, polisi wana watu 300, hospitali na vyumba vya maiti vina 420, na watu 180 wamo katika orodha zote mbili. Zidisha 300 kwa 420, ugawanye kwa 180, utapata 700. Ulio nao mkononi ni 540, kwa hiyo takriban 160 hawakuandikwa na yeyote. Mwaka 1998 Junaid Razzak na Stephen Luby walichapisha matokeo ya kutumia njia hii jijini Karachi, Pakistan, na wakakuta kwamba kumbukumbu rasmi zilikuwa na asilimia 56 ya vifo vya barabarani na asilimia 4 tu ya majeraha makubwa. Shirika la Afya Duniani nalo, linapotoa idadi ya vifo vya barabarani, kama vile milioni 1.19 kwa mwaka 2021, hutumia makadirio kwa nchi nyingi, kwa kuwa hesabu zinazopelekwa na nchi hizo ni pungufu.

Njia hii ina sharti kwamba kuwamo katika orodha moja kusiathiri kuwamo katika nyingine, na Tanzania sharti hilo halitimizwi kikamilifu kwa sababu ya PF3. Anayekwenda hospitali huulizwa fomu ya polisi, na anayeogopa polisi huogopa pia kwenda hospitali. Orodha zinapovutana hivyo, wanaoonekana katika zote mbili huwa wengi kuliko inavyostahili, na makadirio hushuka chini ya ukweli. Kwa hiyo ile 700 iandikwe kuwa kiwango cha chini, nawe usidai kuwa ndiyo hesabu kamili.

Wengine hudhani kwamba kwenda kaya kwa kaya kutamaliza tatizo. Fanya hesabu kwanza. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini. Ukitembelea kaya 5,000, umewafikia watu 21,500 hivi, na kama kiwango halisi ni majeruhi mahututi 20 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, utakutana na wanne au watano. Huwezi kujenga kiwango cha mkoa juu ya watu wanne. Isitoshe, kumbukumbu za watu hufifia: utafiti wa Candida Moshiro na wenzake uliofanyika Dar es Salaam na Hai, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba ukiuliza majeraha ya miezi 12 unapata kiwango kidogo kuliko ukiuliza ya mwezi mmoja, ingawa majeraha mazito husahaulika kwa kiasi kidogo zaidi. Utafiti wa kaya utumie kujua ni sehemu gani ya walioumia walikwenda kwa waganga wanaounga mifupa au walibaki nyumbani.

Idadi ya watu na kukokotoa

Watu wengi hutumia nguvu zao zote kwa majeruhi, kisha huchukua idadi yoyote ya watu iliyo karibu. Tuseme umepata wakazi 684 walioumia vibaya mwaka 2024. Ukigawanya kwa watu 2,218,492 wa sensa ya mwaka 2012, unapata 30.8 kwa kila watu 100,000. Ukigawanya kwa 3,197,104 wa sensa ya mwaka 2022, unapata 21.4. Lakini mkoa huo ulikua kwa takriban asilimia 3.7 kwa mwaka kati ya sensa hizo mbili, na ukiendeleza kasi hiyo hadi katikati ya mwaka 2024 unapata watu milioni 3.42 hivi, na kiwango kinakuwa 20.0. Majeruhi ni walewale. Anayelinganisha 30.8 ya ripoti moja na 20.0 ya nyingine atatangaza kwamba usalama umeimarika kwa theluthi moja, wakati hakuna kilichobadilika ila kitabu cha sensa alichofungua.

Baada ya kiwango, weka mipaka ya uhakika ya asilimia 95, yaani chini na juu ya upeo ambamo kiwango halisi huenda kimo. Kwa idadi kubwa njia ni nyepesi: tafuta kipeuo cha pili cha 684, ambacho ni 26.2, ukizidishe kwa 1.96, upate 51, kisha uitoe na kuijumlisha. Majeruhi ni kati ya 633 na 735, na kiwango ni kati ya 18.5 na 21.5. Kwa halmashauri moja yenye majeruhi 9, tumia mipaka kamili ya kanuni ya Poisson, ile ya takwimu inayofaa kwa hesabu za matukio machache, ambayo ni 4 hadi 17. Upana huo ukuonye usiipange halmashauri yoyote kuwa ya kwanza au ya mwisho kwa hesabu ya mwaka mmoja. Jumlisha miaka mitatu au mitano ndipo ulinganishe.

Gawanya kiwango kwa jinsi na kwa makundi ya umri wa miaka mitano mitano au kumi kumi. Ukitaka kulinganisha Morogoro na mkoa wenye wazee wengi zaidi, au na nchi ya Ulaya, kwanza sawazisha umri, yaani kokotoa kana kwamba pande zote zina mgawanyo uleule wa umri, kwa kutumia mgawanyo wa kawaida wa watu wa Shirika la Afya Duniani, kwa kuwa majeraha ya vijana wa barabarani na ya wazee wanaoanguka hayaongezeki pamoja.

Kuandika ripoti

Katika ukurasa wa kwanza weka kiwango cha wakazi pamoja na mipaka yake, maana ya jeraha kubwa uliyotumia, na sehemu ya majeruhi waliokufa kabla ya kufika hospitali. Hiyo ya mwisho isifichwe katika jedwali la nyuma. Ikiwa nusu ya vifo hutokea kabla ya mlango wa hospitali, kuongeza vyumba vya upasuaji peke yake hakutawafikia hao, na mkurugenzi wa halmashauri anayesoma ukurasa mmoja tu anapaswa kuliona hilo hapo.

Mwaka wenye tukio kama la Msamvu toa viwango viwili, chenye tukio na kisicho nalo, ukieleza wazi. Ukiliondoa kimyakimya umewafuta watu zaidi ya mia moja. Ukiliacha bila maelezo, mwaka unaofuata utaonekana wa mafanikio ambayo hakuna aliyeyafanyia kazi. Taja pia orodha zipi hukuzipata, hospitali zipi za nje ya mkoa zilikupa majina na zipi hazikujibu, na ni rekodi ngapi zilikosa vipimo vya Kampala. Majeruhi wasio na vipimo usiwape alama ya katikati ili kujaza nafasi. Waripoti peke yao, kisha kokotoa kiwango mara mbili, kwanza ukidhani wote walikuwa katika hali mbaya, halafu ukidhani hakuna hata mmoja. Kama matokeo hayo mawili yanapishana sana, fedha za mwaka unaofuata ziende kwanza kwenye mashine za presha na mafunzo ya kujaza fomu katika vyumba vya dharura, ndipo hesabu irudiwe kwa kanuni zilezile, na mabadiliko yoyote ya kanuni yaandikwe pamoja na tarehe yake katika daftari la rejista.